Kutoka Buhembe hadi ziwani: Taulo la picha linamkausha mtoto?

Jumapili mchana, ibada ikiisha na chakula kikishaliwa, watoto wa Buhembe huanza kudai kupelekwa ziwani. Kata hii ni ya Manispaa ya Bukoba, na njia ya kushuka inapita kwenye migomba na mibuni hadi nyumba zinapoanza kubanana. Mbele kidogo, upande wa uwanja wa ndege, Ziwa Victoria linafunguka lote, na Kisiwa cha Musila kinaonekana wazi.

Kwenye mfuko wa mama huwa kuna maji ya kunywa, karanga, nguo za kubadilisha na kanga moja iliyochakaa. Kanga hiyo ni mkeka, ni pazia la kubadilishia nguo, na mtoto akitoka majini anatetemeka, ni taulo.

Siku hizi kanga imepata mshindani: taulo la ufukweni lenye picha. Huko Marekani, mpiga picha Gray Malin, anayejulikana kwa picha za fukwe alizopiga kutoka angani, kazi zake zimewekwa hadi kwenye mataulo. Kwetu jambo hili si geni sana. Mwaka 2008 kanga zenye sura ya Barack Obama ziliuzwa Afrika Mashariki, na akina mama walizifunga kiunoni. Hata picha ya mtoto wako inaweza kuwekwa kwenye taulo, kama inavyowekwa kwenye kikombe au fulana.

Kabla ya kununua, fahamu picha hiyo inavyoingia. Njia inayotumika sana ni kuchapa picha kwenye karatasi maalumu, kisha kuigandamiza juu ya kitambaa kwa joto linalokaribia nyuzi 200. Wino hugeuka mvuke na kuingia kwenye nyuzi za poliesta. Pamba haishiki wino wa aina hiyo. Kwa hiyo, upande wenye picha kali mara nyingi ni poliesta, ambayo hainyonyi maji kama pamba. Ukimfuta mtoto nao, maji yanasambaa tu mwilini.

Lipime dukani. Soma lebo, kisha geuza taulo. Kama upande wa nyuma ni pamba yenye vishungi, huo ndio wa kumkaushia mtoto. Wa picha ni wa kukalia. Kama pande zote ni laini na zinateleza, nunua kwa uzuri wake, lakini kanga isibaki nyumbani. Tena Bukoba ni mji wa mvua nyingi: taulo zito la pamba linaweza kukaa kambani siku mbili na kuanza kunuka, wakati kanga hukauka upesi.

Lipo jambo ambalo taulo lolote, la picha au la pamba, haliliwezi. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi, hata isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akifutwa haraka na kwa nguvu yuko salama. Kufuta kunaweza kupunguza hatari kidogo, lakini si kinga ya kutegemea.

Kinachosaidia ni kuwaweka watoto mbali na maji yaliyotulia penye matete na majani, na kutowaacha majini mchana kutwa. Mtoto anayeoga ziwani mara kwa mara, hasa akiumwa tumbo, akiharisha au akionekana na damu kwenye choo, apelekwe kituo cha afya akapimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na shuleni pia hugawiwa wakati wa kampeni.

Taulo la picha basi lipewe kazi yake: kutandikwa mchangani, watoto wakae na kula karanga. Mama au baba akae juu yake pia, uso ukielekea majini, simu ikiwa mfukoni.