Waya Mmoja wa Corolla ya Mzee

Nimenyamaza wiki tatu, na safari hii kisingizio si kazi ya ofisini. Ni gari la Mzee.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 100 ya mwaka 1994, yaani limenizidi umri. Ndilo humpeleka Mama kliniki ya sukari Nakuru kila mwezi, kutoka Mau Summit. Kama hujui barabara ile, unateremka Sachangwan, unapita Salgaa, malori mbele na malori nyuma. Mwezi uliopita, katikati ya mteremko, taa ya injini iliwaka na injini ikazima papo hapo. Injini ikizima breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo unasukuma kama unayesukuma ukuta. Mzee alifaulu kulitoa kando. Akangoja kidogo, akawasha, likawaka kana kwamba halijafanya kosa lolote. Mama alifika kliniki akitetemeka, na jioni akasema gari hilo hapandi tena.

Fundi akabadilisha igneita, ile ya kukuukuu ya Kirinyaga Road, shilingi 6,500. Wiki moja tu, likazima tena. Sasa fundi akasema kompyuta ya gari ndiyo imekufa, itafutwe nyingine. Hapo ndipo Mzee aliponipigia simu: "Wewe si ulisomea kompyuta? Njoo basi uangalie hii ya gari."

Nilipanda Jumamosi na kile kidude cha Bluetooth cha kusomea magari, najigamba. Nikainama chini ya usukani kutafuta soketi ya pini 16. Haipo! Marekani ilianza kuilazimisha kwa magari ya modeli ya 1996, na hili letu ni la Japani, la 1994. Mzee alinitazama tu, akaenda kulisha ng'ombe.

Lakini Toyota za enzi hizo zina njia yao. Chini ya bonneti kuna kiboksi cheusi cha plastiki, na ndani ya kifuniko mashimo yameandikwa majina. Unaunganisha TE1 na E1 kwa klipu ya karatasi, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ikipepesa kwenye dashibodi. (Angalia mara mbili kabla ya kuchomeka. Shimo la +B lina umeme wa betri, na mimi sitaki lawama.) Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Yetu ilipepesa mara moja, ikapumzika, ikapepesa mara nne. Namba 14.

Hapa ndipo nilipofurahi, maana hii ni lugha ya mitandao kabisa. Kompyuta huiambia igneita "piga cheche" kupitia waya unaoitwa IGT. Igneita ikipiga, hujibu "nimepiga" kupitia waya mwingine, IGF. Kompyuta ikikosa jibu mara kadhaa mfululizo hukata petroli, ili isimiminike bila kuungua. Ndiyo maana gari lilizima ghafla vile. Namba 14 maana yake ni kwamba jibu halikufika, basi. Haisemi nani amelipoteza. Fundi aliisoma kama "igneita mbovu", na mimi siwezi kumcheka: nimewahi kutumia siku mbili kurekebisha seva nzima kumbe kebo ndiyo ilikuwa imelegea.

Nikamuuliza Mzee huzima wapi hasa. Akafikiri. "Nikiruka tuta, ama pale barabara imechimbika." Kompyuta mbovu haichagui matuta.

Nikatoa betri, nikachomoa plagi pande zote mbili, nikaweka mita kwenye waya wa IGF. Ikalia piii vizuri, waya mzima. Karibu nikubaliane na fundi! Lakini mita hupitisha umeme kidogo sana, hata uzi mmoja wa shaba ukibaki itakwambia mambo ni sawa. Kwa hiyo nikaiacha ikilia, nikaanza kukunja nyaya pole pole, inchi kwa inchi, Mzee akishika tochi. Tulipofika kwenye kona ambapo fungu la nyaya linapinda juu ya kishikizo cha chuma, mlio ukakatika. Nikakunja tena, ukarudi. Mzee akasema, "Hapo hapo! Rudia."

Nilipopasua tepu nikakuta plastiki imekauka hadi inavunjika kama ganda la karanga. Ndani, shaba ilikuwa ya kijani, nyuzi mbili tu zimeshikilia. Nikakata sehemu yote mbovu, nikaunga waya mpya kwa lehemu, nikavisha mpira, na nikauacha umelegea kidogo ili injini ikitikisika usivutwe. Kisha nikatoa fyuzi ya EFI nusu dakika kufuta kumbukumbu. Gharama yote haikufika shilingi 300.

Mzee aliendesha peke yake hadi Salgaa na kurudi, siku nne mfululizo, kabla hajamwambia Mama kitu. Jumanne iliyopita wakaenda kliniki wote wawili. Mama alinipigia wakiwa Nakuru, akaniambia alikuwa akiitazama ile taa njia nzima, hakuangalia barabara hata mara moja.

Sasa Mzee anasema taa ya betri inawaka hafifu usiku gari likisimama. Nashuku alteneta. Jumamosi napanda tena na mita yangu.