Ukuta Nyuma ya Marehemu

Mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Kiseke alipofariki, familia ilikuwa na picha yake moja tu nzuri, iliyopigwa kwa simu. Nyuma yake ulionekana ukuta wenye nyufa na beseni la dagaa wa kuuza. Nikaenda kwa kijana wa steshenari, nikamwambia afute vyote, aweke bluu. Alimkata mzee kwa uangalifu, akalainisha kingo kuzunguka nywele, akaongeza chembechembe kidogo ili bluu isichapike kwa mistari. Ilipendeza.

Mjane alipoiona alinyamaza. Kisha akasema: "Baba Mchungaji, ukuta ule aliujenga mwenyewe. Na dagaa wale ndio waliosomesha watoto."

Niliona aibu. Nilidhani namheshimu marehemu, kumbe nimeyaonea haya maisha yake. Tukachapisha ile ya kwanza. Kijana aliongeza mwanga usoni tu.

Wapendwa, ni mara ngapi tunakuja mbele za Mungu tukiwa tumefuta ya nyuma yetu? Bwana Yesu alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi alama za misumari mikononi mwake. Hakuzificha. Nasi tuje na nyufa zetu.