Bafta ya Mama

Mama alipofariki, mwaka 2014, wanawake watatu wa mtaani kwetu, Kikwajuni, walifika hata sijampigia mtu simu. Mmoja ameshika ndoo, mmoja majani ya mkunazi yaliyokwisha kupondwa, mmoja kafuri. Walijua kila kitu kilipo ndani ya nyumba ile. Mimi mwanawe ndiye niliyekuwa nikiuliza. Mkubwa wao akanishika bega. "Njoo, mwanangu, umshike mamako kichwa. Wewe una haki zaidi yetu." Sikuweza. Nilibaki nje ya pazia nikisikiliza maji yakimiminika kwenye ufuo, nikalia kwa uchungu na kwa aibu.

Nilijua tu kwamba mama huenda misibani. Alikuwa muuza maandazi. Akigongewa mlango usiku, hujitanda kanga, huchukua kikapu chake, hutoka. Akirudi hukoga, husali, hukanda unga wa asubuhi. Nilidhani anakwenda kukaa mkekani kama watu wengine. Hakutusimulia kitu, maana mkosha maiti hasemi alichokiona, wala yeye hakuchukua malipo. Siku ya khitma ndipo wanawake walipoanza kunihesabia: huyu mama alimkoshea mamake, yule bintiye, yule wifi yake aliyekufa hana jamaa mjini.

Siku hiyo hiyo tukasomewa hati. Milango miwili ya duka, aliyoijenga ubavuni mwa nyumba kwa fedha za maandazi, mama ameifanya wakfu. Kodi yake inunue sanda na mahitaji ya maziko ya wanawake wasio na uwezo. Mtawalli wake, yaani msimamizi, ni mimi.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Kodi ile nilikwisha kuipangia ada za wanangu. Mimi na kaka yangu tukaenda kwa sheikh wa mtaa, hoja yetu mkononi: wasia hauzidi theluthi, na Mtume alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hata hiyo theluthi ni nyingi. Sheikh akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema huu si wasia. Mama alitoa mwaka 2008, akiwa mzima wa afya, mbele ya mashahidi, na hati ikaandikishwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi, haurithiwi. Ndivyo sahaba Omar alivyolifanya shamba lake la Khaibar: ardhi ikabaki, mazao yakaenda kwa wahitaji. "Wanangu," akatwambia, "milango ile si ya mamenu tangu siku ile. Nyumba amekuachieni."

Nikashika daftari la wakfu kwa kinyongo. Mwezi haujesha, akaja mama mmoja kutoka shamba. Bintiye amefia hospitali, naye hana hata pima moja ya bafta. Nikafungua sanduku la mama. Ndani mlikuwa na sanda saba, kila moja imekatwa na kukunjwa, imefungwa kwa ukanda wa bafta ile ile: shuka, kanzu, ushungi na nguo mbili za kuzungushia. Vipande vitano vya mwanamke, tayari. Alikuwa amewakatia watu asiowajua, nami nilikuwa nimekwenda kubishana na sheikh.

Nilimpelekea yule mama sanda mwenyewe. Safari hii nikaingia ndani ya pazia. Mkubwa wao hakusema lolote, alinipa kata tu. Nilimimina kuanzia upande wa kulia, maji ya mkunazi kwanza, ya kafuri mwisho, na wao wakinielekeza kwa sauti ya chini: taratibu, kama unavyomkosha mtoto mchanga. Mikono ilinitetemeka, kisha ikatulia. Nilipomshika kichwa binti yule, nilimshika na mama.

Siku hizi mlango wangu ndio unaogongwa usiku. Yule mkubwa wetu naye amekwisha tangulia; muosha huoshwa, nikamkosha mimi.

Wapangaji wa milango ile, fundi cherahani na mwenye duka la vyakula, wakilipa kodi, huenda sokoni Darajani kununua jora. Juzi nilitandika mkeka wa mama, nikachukua mkasi wake, binti yangu akanishikia ncha ya kitambaa. Akaniuliza kwa nini tunakata vipande vitano na si vitatu. Nikamwambia vitatu ni vya wanaume, nikamwonyesha ushungi unavyopimwa.