Matembezi ya Siku Moja: Ufukwe wa Bagamoyo na Vilima vya Pugu

Je, mama, ni lini mara ya mwisho ulipotembea kwa miguu bila kikapu cha sokoni mkononi, bila mtoto mgongoni na bila kuwahi foleni ya zahanati? Niliwauliza swali hilo akina mama wa kikundi chetu cha kanisani hapa Dar es Salaam, nao walicheka tu. Mmoja akajibu kwamba yeye hutembea kila siku, kutoka nyumbani kwake hadi kituo cha daladala. Ni kweli, lakini huko si kutembea, ni kukimbizana na siku.

Mimi ni muuguzi. Kliniki naonana na wanawake wa rika langu na walionizidi ambao wameambiwa na daktari wafanye mazoezi, wakarudi nyumbani wasijue pa kuanzia. Huyu ana shinikizo la damu, yule ana kisukari, mwingine magoti yanalia kila anapoinuka. Wengi wanadhani matembezi ya kutazama mandhari ni mambo ya watalii na ya vijana. Basi, kila baada ya miezi miwili kikundi chetu hutoka Jumamosi moja kwenda kutembea, asubuhi na kurudi jioni. Kazi ya kuchagua njia nimeachiwa mimi, na ningependa kukueleza ninavyoifanya, kwa maana uzuri wa mahali sicho kitu cha kwanza ninachokitazama.

Kwanza namtazama yule atakayechoka mapema kuliko wote. Njia ikimfaa huyo, imetufaa sote. Pili nauliza: akichoka katikati, atatokea wapi? Njia nzuri ina mahali ambapo bajaji au gari linaweza kufika. Vijana wa kwaya walipendekeza twende milima ya Uluguru. Ni milima mizuri sana, lakini Morogoro iko karibu kilomita 200 kutoka hapa, na ukishaanza kupanda mlima wa namna ile hakuna bajaji itakayokufuata. Vijana waende, tena waende na baraka zetu. Sisi tulichagua Bagamoyo.

Kusoma saa ya bahari

Bagamoyo iko kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, na barabara ya lami inapita Tegeta na Bunju hadi mjini. Kutoka mji mkongwe hadi magofu ya Kaole, upande wa kusini, ni kilomita 5 hivi. Unaweza kwenda kwa barabara, lakini raha yenyewe iko ufukweni, na ufukwe hauendewi saa yoyote mtu apendayo.

Mzaliwa wa pwani hahitaji kuelezwa, lakini wengi wetu tumetoka bara. Mimi nimezaliwa Njombe, na mambo ya bahari nimefunzwa na wavuvi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikapita mita 3. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Hayo ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na saa nne asubuhi ndipo huwa yamejaa, ukabaki na kipande chembamba cha mchanga mkavu unaozama kila hatua.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza safari mimi huangalia kalenda yenye alama za mwezi, nikachagua Jumamosi iliyo karibu na mwandamo au mwezi mpevu. Tukianza kutembea saa moja na nusu asubuhi, maji yanazidi kutoka, mchanga umelowa na umeshikamana, na magoti hayaumii. Isitoshe, tunafika kivulini kabla jua halijawa kali. Hata hivyo, mvuvi wa pale pale ndiye wa kuulizwa mwisho, kwa kuwa upepo nao unaweza kuyachelewesha maji au kuyaharakisha. Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora: kuna baridi kidogo na upepo wa kusi. Machi hadi Mei ni masika, usijisumbue. Januari na Februari joto la kaskazi ni kali mno kwa wenye shinikizo la damu.

Tunaanzia penye soko la samaki. Hapo wanawake wanakaanga samaki mbele ya makarai makubwa, na moshi unakufuata mpaka mbali. Upande wa kusini unapita mbele ya Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo wenyeji bado wanaiita Chuo cha Sanaa, na ukibahatika utasikia ngoma zikijaribiwa. Baada ya hapo ni mchanga, minazi, kaa wanaokimbilia mashimoni na ngalawa zilizolala ubavu zikisubiri maji yarudi. Tunatembea mwendo wa kuongea. Hicho ndicho kipimo ninachowafundisha: ukiweza kuzungumza unakwenda sawa, ukishindwa kumaliza sentensi umezidisha, punguza. Kilomita 5 hizo huwa tunatumia saa mbili pamoja na mapumziko.

Karibu na Kaole mikoko inaanza, na matope pia. Hapo tunaacha ufukwe na kufuata njia ya kijijini. Tafadhali msiende wawili watatu peke yenu katika ufukwe ule, kwa kuwa sehemu nyingine hazina watu na vibaka wameshawahi kuwapora wapita njia. Nendeni kundi, mkiwa na mwongoza wageni wa pale Bagamoyo, na pochi za dhahabu na simu za gharama zibaki nyumbani.

Miguu ya mama mmoja

Katika kikundi chetu yupo mama mwenye miaka sitini na kitu, ambaye ana kisukari cha muda mrefu. Alipoona mchanga ule laini alitaka kuvua viatu kama wenzake. Nilimwomba asivue. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huua hisia za nyayo, na mtu anaweza kukanyaga jiwe kali la tumbawe asijue. Tulipofika Kaole nilimketisha kivulini, nikamvua viatu na kumkagua miguu, hata katikati ya vidole. Ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa na kipande cha kombe, na ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Hakuwa amesikia kitu. Kama tungeendelea bila kuangalia, kesho yake lingekuwa lengelenge, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ndicho kinachoweza kumfikisha kwenye kukatwa mguu. Tuliosha, tukakausha, akabadilisha soksi. Kurudi alipanda bajaji, akatukuta mjini ameshaagiza chai.

Sisemi haya ili kumtisha yeyote asitembee. Mama yule anatembea hadi leo, na yeye ndiye anayekuwa mbele, maana mwendo wa kikundi ni mwendo wake. Nasema ili wewe mwenye kisukari uvae viatu vilivyofunika vidole na soksi safi, ukung'ute mchanga kila mnapopumzika, na uweke peremende au sukari mfukoni kwa ajili ya ile hali ya kutetemeka na kutoka jasho jembamba. Wale mnaomeza vidonge vya kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu, mwulizeni daktari kabla ya siku ya safari, kwa kuwa jua huwapunguzia maji upesi. Kila mtu abebe maji safi, lita 2 zisikosekane. Mimi hubeba na mchanganyiko wa akiba kwa atakayeharisha au kuishiwa nguvu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kaole yenyewe ni mahali pa kukaa kimya. Msikiti wake wa zamani umejengwa kwa matumbawe, na historia yake inarudi nyuma hadi karne ya 13. Pembeni kuna makaburi, mengine yenye nguzo ndefu za mawe, na mbuyu mkubwa ambao waongozaji wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri. (Akina mama walizunguka wote, hata mzee wa kanisa aliyetusindikiza.) Zamani hapa palikuwa bandari. Leo bahari imesogea mbali, mikoko imeota ilipokuwa inatia nanga mashua, na biashara ilihamia Bagamoyo.

Mchana, baada ya chakula, mwenye nguvu anaweza kwenda upande wa pili wa mji, kwenye misheni ya Wakatoliki. Utapita chini ya miembe mikubwa iliyopangwa kando ya njia. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ni hapa ambapo Februari 1874 uliletwa mwili wa David Livingstone, ambao akina Chuma na Susi walikuwa wameubeba kutoka bara tangu alipofariki Mei 1873. Sisi Wakristo hupenda kumtaja Livingstone, ila mimi huwafikiria zaidi waliombeba, maana walitembea miezi, si saa mbili. Hapo jirani kuna makaburi ya wamisionari, na wengi wao walikufa wakiwa bado vijana kwa homa ambazo leo tunazitibu kwa vidonge. Kuhusu jina la mji, wapo wanaosema ni kubwaga moyo kwa mpagazi aliyefika salama na mzigo wake, na wapo wanaosema ni kuuacha moyo kwa mtumwa aliyekuwa anapandishwa chomboni. Tulibishana juu ya hilo njia nzima ya kurudi.

Mkitaka kivuli

Kama bahari haikupendezi, au mwezi umekataa, kuna vilima vya Pugu, kiasi cha kilomita 25 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya Kisarawe. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipa kiingilio na kupewa wa kukuongoza. Njia zake zina kivuli na unaweza kukata shauri ya kurudi wakati wowote. Mto Msimbazi, huo huo unaotufurikia Jangwani, unaanzia katika vilima hivyo, na ukishasimama msituni unaelewa kwa nini miti ile isikatwe. Jirani ni shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aifanye siasa.

Kuna na mapango yaliyobaki pale ulipokuwa ukichimbwa udongo mweupe wa kaolini, na ndani yake popo wengi. Tazameni kwa nje. Sisemi kwamba popo wa Pugu wana ugonjwa, ila popo wanaweza kubeba maradhi mazito, nasi tumeshapata mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Muuguzi hawezi kuwaingiza akina mama humo ati kwa sababu ya picha. Vaeni suruali ndefu na viatu vya kufunika, na mtoke msituni kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu foleni ya kurudi mjini kupitia Gongo la Mboto ni safari nyingine.