Mawindo katika Mashamba ya Kongwa

Kongwa ni mji ulioko mashariki ya Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Mgeni afikapo huko huona uwanda mpana, mibuyu mikubwa, na vichaka vya miiba. Udongo wake wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu, jembe lisipite.

Katika nchi hiyo serikali ya Uingereza ilianza, mwaka 1947, mradi mkubwa wa karanga, kwa sababu mafuta ya kula yalikuwa adimu baada ya vita. Nia yao ilikuwa kulima eka zaidi ya 3,000,000 hapo Kongwa na kwingineko, kama vile Urambo na Nachingwea. Waliletwa matrekta makuukuu, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Lakini mizizi ilivunja majembe, mvua zikawa haba, na mashine nyingi zikaharibika. Mwezi wa Januari 1951 mradi uliachwa, baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36. Baadhi ya ardhi ikafanywa malisho ya ng'ombe, na baadhi ikarudi kuwa kichaka.

Tulipotembea pembezoni mwa mashamba hayo tuliona jinsi kichaka kinavyowafaa wanyama wadogo. Kanga na kwale hupekua mbegu penye nyasi fupi, kisha hukimbilia miibani. Sungura hulala mchana chini ya majani, na digidigi hupita njia yake ile ile kila siku. Hapo ndipo wategaji wanapomvizia; na waya wa tanzi huutoa katika vyuma chakavu vilivyotupwa.

Basi hapa pana jambo la kuangaliwa na kila nyumba ya Kiislamu. Sungura, kanga na digidigi ni halali kuliwa. Bali namna ya kufa kwake ndiyo inayohukumu. Katika Suratul Maida wametajwa walioharamishwa, na miongoni mwao ni mnyama aliyenyongeka na aliyekufa kwa kupigwa. Kwa hiyo aliyekutwa amekufa tanzini ni mzoga, ijapokuwa mtegaji alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipotega. Ndege aliyeuawa kwa jiwe la manati ni hali kadhalika, kwani jiwe huua kwa uzito wala halichomi. Akiwahiwa yu hai hasa, akachinjwa, huyo ni halali.

Na tanzi lina dhara nyingine. Mtegaji husahau, waya hausahau. Hunasa mnyama mwenye mimba, na ndama wa jirani, akateseka siku nyingi bila ya mtu kufaidika. Tena sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 yataka kibali kwa kila mwindaji, na mitego ya tanzi haikuruhusiwa.

Enyi wazazi, kitoweo kiletwapo nyumbani kutoka porini, ulizeni kabla chungu hakijainjikwa: kimepatikanaje, na nani amechinja? Na vijana wakiokota waya mashambani, wafundisheni kuufanya ua wa kuku. Wale wa karanga waliacha vyuma vyao wakaenda zao. Sisi tusiache mitego nyuma yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.