Kanda Isiyo na Jalada

Kanda yangu ya kwanza ya mchiriku haikuwa na jalada. Ilikuwa kanda nyeusi, imerudufiwa mara nyingi hadi sauti imefifia, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino neno moja: Jagwa. Niliinunua mwaka 1998 kwa kondakta wa daladala ya Mwananyamala. Aliipiga kutwa garini, abiria wakamlalamikia apunguze sauti, mimi nikapitiliza kituo changu ili nisikie upande wa pili.

Mchiriku ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale vijana waliokulia kwenye ngoma za Wazaramo walipovipata vile vinanda vidogo vya Casio. Vyombo vya bendi kubwa hawakuwa navyo. Kinanda kikaunganishwa na spika za tarumbeta, zile za kutangazia mikutano, sauti ikatoka imekwaruza kama bati. Ngoma zikakimbizana nayo, na mmoja akipiga kigoda cha mbao kwa vijiti viwili, kavu, bila kupumzika. Juu ya yote mwimbaji anakueleza maisha ya chumba cha kupanga na vijana wanaopotelea kwenye dawa za kulevya. Sijapata kusikia muziki unaoijua Dar kiasi kile.

Ila niliusikiliza kwa siri. Mama mkubwa aliuita muziki wa wahuni, kwa kuwa mikesha yake ilikuwa na sifa ya ugomvi. Kazini nilimwazima kanda kaka mmoja aliyenizidi umri, mpenzi wa bendi za dansi, Msondo na Sikinde, ambaye sikio lake nililiheshimu mno. Akanirudishia kesho yake. "Mdogo wangu, hizi ni kelele. Usimpe mtu mwingine, utajishushia heshima." Nikatii. Kwa zaidi ya miaka kumi, mtu akiniuliza nasikiliza nini, nilimtajia bendi ambazo tayari anazijua. Hilo nalijutia mpaka leo.

Mwaka 2012 Crammed Discs, lebo ya Ubelgiji, ikatoa albamu ya Jagwa Music, *Bongo Hotheads*. Kaka yule akanipigia simu: "Hivi hawa si wale wa ile kanda yako?" Niliwafurahia wanamuziki, walistahili. Lakini roho iliniuma. Watu wa Brussels wamethamini kitu kilichokuwa kikitukosesha usingizi nyuma ya nyumba zetu, nasi tukangoja wao watuambie kwamba ni muziki! Na mimi niliyeusikia mapema nilikuwa nimefunga mdomo.

Kwa hiyo singeli, mdogo wake mchiriku, ilipoanza kupanda sikungoja mtu. Pale Mburahati, studio ya Sisso, vijana walikata kipande cha taarabu kwenye kompyuta, wakakiongezea kasi hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipowakusanya mwaka 2017 katika *Sounds of Sisso*, mimi nilikuwa nimeshajaza flashi tatu na kuzigawa kazini, kanisani na kwa fundi wangu wa cherehani.

Nimejifunza pia kutompa mtu wimbo nikaondoka. Singeli ikimkuta mgeni peke yake, dakika moja tu anazima. Huwa nakaa naye. Namwambia aache kwanza ile kasi, afuate ngoma ya chini peke yake, mguu ukishaipata ndipo asikilize maneno. Siku hizi wimbo unafika kwa WhatsApp kabla hujaweka simu chini, na nashukuru, maana kanda moja ilikuwa ikinila nauli ya siku mbili. Hata hivyo nikishautuma, napiga simu.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinirushia sauti aliyoirekodi kwenye kigodoro, mkesha wa mtaani, huko Mbagala. Vijana wawili na kompyuta moja, na nyuma yao akina mama wanaitikia. Niliisikiliza mara nne, kisha nikampigia kaka wa Msondo, sasa mstaafu, nikaiweka simu kwenye spika. Alinyamaza mpaka mwisho.

"Hao ni akina nani?"

"Bado hawana hata jina, kaka. Wanapiga tena Jumamosi. Nakupitia saa mbili usiku."

"Njoo saa moja," akasema, "tupate pa kukaa."