Land Rover moja, bei mbili

Mdogo wangu wa Nchelenge, Zambia, anatumia Land Rover Series III aliyotuachia marehemu baba. Alinipigia simu kuuliza: akiitoa injini ya dizeli iliyokuja nayo na kufunga ya Toyota, gari litapanda bei au litashuka? Mimi naishi Birmingham, jirani na Solihull, mji ambako Land Rover zilianza kuundwa mwaka 1948, na nyumbani huamini kwamba anayekaa karibu na kiwanda anajua kila kitu. Nilimwambia kwamba jibu linategemea gari litauzwa wapi.

Uingereza, mnunuzi wa gari la zamani analipia historia yake. Akifunua boneti, kitu cha kwanza ni kulinganisha namba ya injini na ile ya kwenye karatasi. Sheria nayo inampa sababu. Tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Injini ambayo kiwanda chenyewe kilikuwa kikiifunga kwenye gari la aina hiyo haina tatizo. Ya kampuni nyingine huzua maswali. Kwa wapenzi wa Series, injini ya Toyota ni doa, hata kama gari linakwenda vizuri kuliko lilipokuwa jipya.

Lakini Waingereza hao hao wana uso wa pili. Mwaka 2018 Land Rover wenyewe walitangaza Defender 150 zilizotumika, zilizosukwa upya na kufungwa injini ya V8 ya lita 5. Bei ilianzia pauni 150,000. Kumbe injini ngeni ina soko, ila mnunuzi anataka kujua ni mkono wa nani ulioifunga.

Kando ya Ziwa Mweru, huko Nchelenge, hesabu ni nyingine. Gari linapakia samaki wakavu Kashikishi, linapita kwenye mchanga na matope ya masika, kisha linaanza safari ndefu ya kuelekea Mansa na Kopabelti. Injini ya kwanza ya gari letu, lita 2.25, ina nguvu za farasi kama 60 hivi, na spea zake ni za kusaka. Toyota 3L ya lita 2.8 inatoa karibu 90, na kwa kuwa Hilux zimejaa kila mahali, spea hazisumbui na kila fundi anaijua. "Yaya," mdogo wangu aliniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "hapa mtu hanunui historia. Ananunua safari ya kesho."

Hapo ana haki, ila nusu tu. Shafti za nyuma za Series zilijulikana kwa kukatika hata kwa injini yake yenyewe. Ukiongeza nguvu mbele bila kuimarisha nyuma, gari litakulaza porini na mzigo wa watu. Kuna pia bamba la kuunganisha injini na giaboksi, mauntingi mpya, na kazi ya kuchomelea. Namba ya injini nayo imeandikwa kwenye kitabu cheupe, yaani hati ya usajili wa gari. Isipobadilishwa huko RTSA, wakala wa usafiri wa barabarani, mnunuzi makini atashusha bei au ataondoka, Nchelenge kama Birmingham.

Na msimu nao una neno lake. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa. Januari shule zinafunguliwa na mahitaji yake, na pesa ufukweni ni chache. Anayelazimika kuuza gari wakati huo atauza kwa hasara, liwe na injini ya Toyota au ya kwake.

Sisi wa ughaibuni tuna tabia ya kuitazama mali ya nyumbani kwa jicho la muuzaji: itaingiza ngapi? Aliye nyumbani anauliza itamfikisha wapi, na kwa gari hili swali lake ndilo la kwanza. Gharama ya injini hairudi siku ya kuuza; inarudi kidogo kidogo, kila mzigo unapofika sokoni kabla haujaharibika. Kwa hiyo nilimwambia afunge Toyota, bila kukata chesi. Shafti na gharama za karatasi nitalipa mimi. Injini ya zamani aipake grisi na kuihifadhi, kwa sababu siku akijitokeza mnunuzi wa aina ya Birmingham, ndiyo atakayoiulizia kwanza.